Catan, Agricola au Homesteaders: boksi lipi likae barazani kwako Tanga?

Ndugu yako yuko Muscat au Dubai, tiketi imeshakatwa, na kwenye begi imebaki nafasi ya boksi moja. Ametuma picha tatu kwa WhatsApp: Catan, Agricola na Homesteaders. Yote ni michezo ya mezani ya kujenga makazi mapya kwenye ardhi ya mwanzo. Mnaanza karibu mikono mitupu, mnamaliza mna miji, mashamba au karakana, na mshindi ni aliyepanga vizuri kuliko wenzake. Ukimjibu "lete wowote", utaletewa boksi litakalokaa juu ya kabati mpaka liote ukungu.

Kabla hujajibu, hesabu watu unaokaa nao jioni, kisha jiulize wakicheza wanaongea au wananyamaza. Tanga tuna mabaraza ya namna zote mbili. Kuna baraza la Ngamiani ambako kahawa haijapoa watu wameshabishana mpira, bei ya nazi na harusi ya nani pilau lilipungua. Na kuna mkungu ambao chini yake wazee wamezunguka bao, na kwa muda mrefu husikii kitu ila kete zikigonga mbao. Boksi linalofaa huku halifai kule, hata liwe na tuzo ngapi.

Catan, au mchezo wa wenye mdomo

Aliyeutunga ni Mjerumani Klaus Teuber, fundi wa meno ya bandia aliyekuwa akitengeneza michezo nyumbani baada ya kazi. Ulitoka 1995, na mwaka huo huo ukachukua tuzo ya Ujerumani ya mchezo bora wa mwaka. Teuber alifariki 2023, na mchezo wake bado ndio wa kwanza kutajwa kila watu wanapozungumzia michezo ya aina hii.

Kisiwa kinapangwa upya kila mnapocheza, kwa vigae 19 vya pembe sita: misitu minne, malisho manne, mashamba ya ngano manne, vilima vya udongo vitatu, milima mitatu na jangwa moja. Kila kigae kinawekewa namba, isipokuwa jangwa. Mwenye zamu anarusha dadu mbili, na vigae vyenye namba iliyotoka vinatoa mali kwa kila mwenye kijiji kwenye pembe zake. Msitu unatoa mbao, malisho sufu, shamba ngano, kilima matofali, mlima madini. Barabara ni mbao moja na tofali moja. Kijiji kinataka mbao, tofali, sufu na ngano, moja moja. Kukipandisha kijiji kuwa mji kunataka madini matatu na ngano mbili. Anayetangulia kufikisha alama 10 ndiye mshindi.

Sasa ujanja wenyewe uko hapa: ni nadra mtu kuwa na mali zote tano. Umejaa sufu, huna tofali. Jirani ana matofali, anatafuta sufu, lakini hataki ujue. Benki ya mchezo inabadilisha nne kwa moja, unyang'anyi mtupu. Ukijenga kwenye bandari unabadilisha tatu kwa moja, au mbili kwa moja kama ni bandari ya mali yako, ndiyo maana vijiji vya pwani vinagombewa tangu mwanzo. Zaidi ya hapo inabidi uombe, na mtu wa Tanga haombi bila kusindikiza.

Kijana ana zamu, sufu tatu mkononi.

"Nani ana tofali? Natoa sufu."

"Kondoo hata mie ninao, mgosi. Tafuta mwingine."

Shangazi yake alikuwa kimya anamenya chungwa. "Ninalo moja. Nipe sufu mbili, na siku ukimshika huyo mwizi usimlete kwangu."

"Shangazi, hiyo haimo kwenye sheria."

"Haimo. Lakini mie ni shangazi yako."

Tofali likatoka kwa sufu mbili. Zamu yake iliyofuata kijana akatupa saba. Saba haitoi mali: kila mwenye kadi zaidi ya saba anarudisha nusu, kisha mrushaji anamhamisha mwizi, anaziba kigae kimoja na kumnyofoa kadi moja mtu aliyejenga hapo. Kigae cha maana kilikuwa cha shangazi, kila mtu anakiona. Kijana akamtazama shangazi, akamtazama mwizi, akampeleka kwa mjomba.

Kwa sheria ahadi hazimfungi mtu, na katika nchi nyingi watu wanavunjiana hivi hivi wanacheka. Kibarazani kwetu ahadi kwa shangazi ina uzito kuliko kijitabu cha sheria, na hilo linaubadilisha mchezo kwa namna ambayo mimi naipenda sana. Mahesabu yanaingia undugu, deni la fadhila, na kumbukumbu ya nani alimnyima nani wiki iliyopita. Jambo moja tu mkubaliane mapema na mlishike kweli: biashara yote inapita kwa mwenye zamu. Wengine wawili hawaruhusiwi kuuziana pembeni, na hairuhusiwi kumpa mtu mali bure. Msipolisimamia, mume na mke wataungana, na wageni wataondoka na kinyongo.

Kadi ya ukiritimba, mojawapo ya kadi za maendeleo zinazonunuliwa kwa mali, nayo iangalieni. Aliye nayo anataja mali moja, na kila mtu anamkabidhi zote alizo nazo za aina hiyo. Mjanja anaiuza ngano yake yote kwanza, moja kwa huyu, moja kwa yule, kwa bei ya huruma, halafu anaifunua kadi na kuzikusanya tena. Nimeona chai ikiachwa kwa jambo hili.

Ubaya wa Catan ni dadu. Kwa dadu mbili kuna njia 36 za kuanguka: saba inatoka kwa njia sita, 6 na 8 kwa njia tano kila moja, lakini 2 na 12 zina njia moja moja tu. Vidoti vilivyo chini ya kila namba vinakuhesabia hivyo, basi mnapoweka vijiji vya kwanza jumlisha vidoti vya vigae vitatu vinavyokutana na usidanganywe na uzuri wa mlima. Hata hivyo, unaweza kupanga vizuri na 8 isitoke mpaka watu wanakaribia kumaliza. Umekaa, huna kadi, huna cha kuuza, hata mdomo unakosa kazi. Kwa mchezaji wa bao huu ni upuuzi. Yeye kazoea mashimo 32 na kete 64 zote ziko wazi machoni, na akishindwa anajua ni kete ipi aliichelewesha.

Kuna pia nyumba ambazo wazee hawataki dadu zionekane kabisa kwa sababu zinawakumbusha kamari. Hilo lina dawa, na dawa hiyo inapunguza na ule ukatili wa bahati: kata vikadi 36, andika namba kama dadu zinavyotoa. 2 kimoja, 3 viwili, 4 vitatu, 5 vinne, 6 vitano, 7 sita, kisha urudi hivyo hivyo mpaka 12 kimoja. Vichanganye, geuza kimoja kila zamu, na vikibaki vichache vichanganye upya ili asiwepo wa kukariri kilichobaki.

Idadi ya watu ndiyo itakayowaamulia wengi. Boksi la kawaida la Catan ni la watu watatu au wanne. Watano na sita wanahitaji nyongeza inayouzwa peke yake. Wawili, kwa sheria za boksi hilo, hawachezi, na kwa kweli wakilazimisha hakuna raha, kwa sababu ukinikatalia tofali sina pengine pa kwenda.

Agricola, ambao njaa haikuachi

Huu ni wa Mjerumani mwingine, Uwe Rosenberg, wa 2007. Mwaka uliofuata lile jopo la mchezo bora wa mwaka liliupa tuzo maalumu kama mchezo mgumu wa aina yake. Hadithi yake inawekwa Ulaya ya kati mnamo 1670, tauni imepita, ardhi imebaki, na wewe na mwenzi wako mna nyumba ya mbao yenye vyumba viwili na kiwanja cha nafasi 15. Mipaka hapa si ya kugombania na jirani. Kila mtu ana shamba lake mbele yake, wala hakuna mwizi atakayeingia.

Kinachogombewa ni kazi. Katikati kuna ubao wa kazi: kukata miti, kuchimba udongo, kuvuna matete, kulima, kupanda, kujenga chumba, kibarua cha siku. Unaweka mtu wako kwenye kazi, na ukishaiweka hakuna mwingine anayeifanya raundi hiyo. Zile za kukusanya zinalimbikiza: nafasi ya mbao inaongezwa vipande vitatu kila raundi, na isipochukuliwa vinakuwa sita, halafu tisa. Hapo mezani pananyamaza. Kila mtu anaitazama ile tisa kwa jicho la pembeni, anajifanya anafikiria matete.

Mchezo una raundi 14 na mavuno sita: baada ya raundi ya 4, 7, 9, 11, 13 na 14. Ona yanavyokaribiana. Kila mavuno kila mtu mzima nyumbani anakula chakula viwili. Una watu wawili tu mwanzoni, maana yake mpaka mavuno ya kwanza umefanya kazi nane, na kati ya hizo nane upate chakula vinne, uanze shamba, na uwe umepiga hatua ya kupata chumba cha mtoto. Chumba kimoja ni mbao tano na matete mawili. Ukikosa cha kula unachukua alama ya kuombaomba, na kila moja inakukata pointi tatu mwishoni. Pointi tatu ni nyingi humu. Ndizo hizo hizo anazokupa mtu mmoja wa familia.

Mtu wa Muheza au Korogwe mwenye shamba la kweli ataucheza huu vizuri kuliko mtu wa mjini, nimeliona hilo. Haambiwi kwamba mbegu haziliwi. Ukipanda punje moja ya ngano unaongezewa mbili juu yake, na unavuna moja moja kila mavuno. Kondoo wawili wakikutwa na nafasi wanazaa wa tatu, lakini ukimchinja mmoja leo kwa sababu watoto wana njaa, hakuna uzao. Ukiwa na jiko la mwanzo kondoo ni chakula viwili na ng'ombe vitatu. Mambo haya yanafundisha kwa maumivu, tena haraka.

Kuna mnyama wa tatu, nguruwe mwitu, vipande vyeusi. Ukimaliza mchezo huna hata mmoja unakatwa alama moja, kwa hiyo kumkwepa kabisa kuna gharama. Katika nyumba nyingi za pwani hili litazua kicheko au minong'ono. Wengi huwaita mbuzi, na mchezo unaendelea bila kubadilika hata kidogo.

Kigumu zaidi ni lugha. Kila mchezaji anagawiwa kadi saba za ufundi na kadi saba za maboresho madogo, na kila kadi ina maelezo yake. Boksi litakaloletwa kutoka nje karibu hakika litakuwa la Kiingereza. Kadi unazishika mwenyewe, kwa hiyo asiyesoma Kiingereza hawezi kuuliza "hii inasemaje?" bila kuifunua siri yake mezani. Njia ya kupita ni kuziacha kadi hizo zote ndani ya boksi mara za mwanzo. Mchezo unasimama vizuri bila hizo, na wapo wanaoucheza hivyo siku zote. Utapungukiwa na ladha, lakini bibi na wajukuu mtacheza sawa.

Toleo la 2016 ni la mtu mmoja mpaka wanne. Ndiyo, hata peke yako. Wawili wanacheza vizuri sana, na hapa Agricola anamwacha Catan mbali. Kama nyumbani ni wewe na mwenzi wako, watoto wamelala, na umeme wa uhakika, sioni sababu ya kuendelea kusoma: mwambie ndugu yako alete Agricola. Kadiria nusu saa kwa kila mchezaji, na zaidi kidogo mkiwa wageni.

Lakini kibarazani usiupeleke. Una vipande vingi mno, na kila mtu anahitaji nafasi ya ubao wake, rundo lake la kadi na mifugo yake. Upepo wa kusi ukivuma Raskazone jioni, kadi zitakwenda kuogelea. Isitoshe, wanne wakikaa kimya saa mbili wakitazama mashamba yao, wapita njia watadhani kuna msiba.

Homesteaders, mnada na mikopo

Huu hausikiki kama wale wawili, na ndio pekee kati ya mitatu unaohusu kwa kweli mipaka ya magharibi ya Marekani. Umetungwa na Alex Rockwell, ukatoka 2009. Jina linatoka kwa walowezi waliopewa ardhi kwa sheria ya 1862 iliyosainiwa na Abraham Lincoln: ekari 160 kwa anayekwenda kuishi na kulima kwa miaka mitano. Mchezo unaanzia na wewe kuwa na makazi madogo, fedha kidogo, na hamu ya kuyageuza kuwa mji ndani ya raundi kumi.

Moyo wake ni mnada. Kila raundi yanawekwa mafungu machache kuliko watu: mkiwa wanne mafungu matatu, mkiwa watatu mawili. Fungu linakupa ruhusa ya kujenga jengo la aina fulani. Mtu mmoja lazima atoke mikono mitupu. Aliyewahi kusimama soko la samaki la Deep Sea asubuhi, ngalawa zimeingia na changu zimemwagwa chini, ataelewa huu mchezo kabla hujamaliza kuueleza. Unataka fungu lile, lakini usoni hutaki lionekane. Ukipanda dau mapema unawaonyesha wenzako thamani yake. Ukisubiri, amechukua mwingine. Na dau za juu zinaruka kwa hatua kubwa, kwa hiyo ukichokozwa ukajibu kwa hasira, fedha yote ya raundi imekwisha.

Anayepita bila kununua hapotezi kabisa: anasogea kwenye njia ya reli na kupata faida nyingine. Kuna raundi ambazo kushindwa mnada ndiko kulikokuokoa, na wachezaji wazuri hupita kwa makusudi. Sisi wa Tanga hatuhitaji kuelezwa reli inafanya nini kwa mji. Ya Usambara ilianza kujengwa hapa 1893, ikapanda mpaka Moshi, na mkonge ukashuka nayo kuja bandarini.

Kitu cha pili ni mkopo. Wafanyakazi wako wanadai mshahara kila raundi. Huna fedha? Kopa, wakati wowote, hakuna anayekuuliza dhamana. Mwishoni unalipa zaidi ya ulichopokea, na madeni yaliyobaki yanakata alama, tena kila deni linaloongezeka linauma kuliko lililotangulia. Mkopo mmoja wa mapema, ukinunulia jengo linaloingiza kila raundi, ni akili. Mikopo minne ya kulipia mishahara ni kausha damu, na matokeo yake unayajua. Nauona huu mchezo kuwa mzuri kuliko hotuba yoyote ya fedha kwa kijana wa miaka kumi na sita, maana anajichoma kidole mwenyewe na hakuna wa kumlaumu.

Hakuna dadu. Majengo yanaeleza kazi zake kwa alama za picha zaidi ya maneno, kwa hiyo Kiingereza hakisumbui sana baada ya mtu mmoja kusoma kijitabu. Kwa mpenzi wa bao huu ndio ningempa, kabla ya Agricola. Agricola una kadi za siri mkononi. Huu unakupa taabu ya kumsoma binadamu aliyekaa mbele yako, kama unavyomsoma mpinzani anayeilinda nyumba yake asitake kuivunja.

Mapungufu yake ni mawili. Kuupata si rahisi. Catan utaukuta kwenye maduka makubwa ya vitu vya watoto huko nje, huu mpaka uagize. Na mwenye kutaka kuongea hapati cha kuongea, kwa kuwa hakuna kubadilishana mali kati ya wachezaji. Unabadilishana na soko la mchezo tu. Shangazi wetu wa sufu mbili angechoka mapema.

Niseme na hili, kwa kuwa linanikera kidogo kwenye michezo yote ya aina hii. Kisiwa cha Catan hakina mwenyeji hata mmoja. Magharibi ya Homesteaders nayo ni kama haikuwa na watu, ilhali ekari zile 160 zilikuwa za mataifa ya wenyeji waliosukumwa. Mtu aliyekulia pembeni ya mashamba ya mkonge ya Amboni au Muheza anajua kwamba ardhi tupu huwa tupu kwenye ramani ya mgeni. Halikuzuii kucheza. Watoto wakubwa waambie tu. Ni mazungumzo mazuri ya kuendeleza mkiwa mnapanga vigae.

Ukitaka kuviweka ubavu kwa ubavu

Wageni wasiowahi kugusa kitu zaidi ya karata na drafti: Catan, bila kufikiri. Kwa muda wa kikombe kimoja cha chai wameshaelewa, na kadi zake za maendeleo ni 25 za aina tano tu, kwa hiyo hata za Kiingereza zinazoeleka. Homesteaders unamtaka mtu mmoja awe ameshausoma jana yake. Agricola unamtaka huyo mtu awe na subira ya mwalimu wa darasa la kwanza.

Watoto? Wa miaka kumi na kuendelea wanaweza Catan vizuri, hasa wale wa kike wanaojua kulalamika kwa hesabu. Agricola bila kadi pia wanauweza, ila wakikosa chakula mavuno ya pili wengine hulia.

Mkeka au meza: Catan unakaa kwenye mkeka ukiwa na fremu yake ya bahari inayoshika vigae; mtoto akipita na mguu bado kisiwa kinasimama. Weka kokoto juu ya marundo ya kadi. Mingine miwili ni ya mezani, ndani, feni ikiwa upande mwingine. Unyevu wetu unakunja kadi za aina zote, kwa hiyo mwambie ndugu yako aongeze na mifuko ya plastiki ya kadi, na boksi lisikae karibu na dirisha la upande wa bahari.

Mkiwa mara wawili, mara wanne, haijulikani: Homesteaders unabeba wawili mpaka wanne, ingawa mnada wa watu wawili umepoa. Kwa nyumba ya namna hii mimi bado ningechagua Agricola. Na ukitaka kitu chepesi cha wawili kuliko yote haya, uko Carcassonne wa 2000, vigae 72 vya kuunganisha barabara na miji, unaokwisha kabla ya adhana ya Isha ukianza baada ya Magharibi kidogo. Ni mzuri, ila hauna njaa, hauna deni, wala hauna shangazi.

Kama hakuna ndugu anayekuja karibuni, Catan ndio pekee kati ya mitatu unaoweza kujitengenezea uujaribu kabla ya kutoa fedha. Nunua kadi za manila na mkasi. Chora duara kwa bikari, kisha bila kubadilisha upana wake tembeza bikari juu ya mstari wa duara; itagusa sehemu sita sawasawa, ziunganishe kwa rula, una kigae. Kata kimoja kizuri, kitumie kuchorea kumi na minane vingine. Vibao vya namba ni 18: 2 kimoja, 12 kimoja, na namba nyingine zote mbili mbili, ukiacha saba. Barabara ni njiti za kiberiti zilizochovywa rangi, vijiji ni maharage, miji ni punje za mahindi, kila mtu rangi yake. Kadi za mali 95, kumi na tisa kwa kila aina. Chezeni mwezi mzima. Mkiona mnagombana kwa furaha, nunueni. Mkiona kila mtu ananyamaza anahesabu, mmejijua, agizeni Homesteaders.

Boksi la Catan la mitumba likikufikia, lihesabu kabla ya kutoa fedha: vigae 19, vibao 18, na kwa kila rangi barabara 15, vijiji vitano, miji minne. Vikikosekana hivyo, vibao na vipande unaweza kutengeneza. Zikikosekana kadi za maendeleo, ambazo wapiganaji peke yao ni 14 kati ya 25, hapo teremsha bei au mrudishie mwenyewe boksi lake.